Baiskeli Yangu ya Kwenda Kurtuba

2 Aprili

Kariuki kasema kila anayesafiri kwa baiskeli nchi za watu huandika kila siku alikopita na alichokiona. Yeye keshanunua daftari la jalada la ngozi. Mimi naandika kwenye hili la dukani, na naanza leo, kabla ya safari yenyewe, asije akasema kanitangulia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini chuo cha Kurani nilikhitimu, na mkono wangu anausoma hata mtu aliyesahau miwani.

Mimi Pandu Makame, mtu wa Miembeni, Unguja. Nimeuza spoku na cheni Darajani mpaka nikaja kuzifuata huku Uchina zinakotengenezwa. Mbio za kuzunguka kisiwa nimeshinda kwa Foniksi yenye madigadi na keria, wenzangu wana baiskeli za gia na wamekula vumbi langu. Na toka nijue kupanda baiskeli sijawahi kushuka nikasukuma kwa ajili ya kilima. Hilo naliandika hapa mwanzo lijulikane.

Mwezi wa tano, inshallah, nakwenda Hispania. Tutaanzia Ishbilia, wao wanaiita Sevilla, twende Karmona, twende Kurtuba, kisha tupite mashambani kwenye mizaituni mpaka Gharnata. Maalim wetu wa chuoni akituhadithia miji ile ya Waislamu wa zamani utadhani katoka huko jana, na yeye hata Pemba hajavuka. Siku hizi watu wanashushwa Kurtuba na basi, wanapiga picha nguzo za msikiti, wanapakiwa tena. Mimi nitaingia kwa miguu yangu.

Ukuta wa chumba unatoka maji. Guangzhou msimu huu kuta zinatoka jasho kama mtu mwenye homa, na kanzu niliyoanika juzi bado mbichi.

4 Aprili

Swalha kasema hapana.

Huyu ni binti yangu, sina mwingine. Ofisi yetu ya kusafirisha mizigo, kwenye jengo la Tianxiu Dasha, nimeianzisha mimi, sasa anaiendesha yeye, na mimi nimebaki wa kuulizwa kama nimemeza dawa. Sababu ya hapana yake ni kuwa mwaka jana nilianguka kwenye daraja la waenda kwa miguu hapa mtaani Xiaobei. Sikuanguka. Nilikaa chini ghafla kwa sababu ya joto. Anasema mtu mwenye presha hapandi baiskeli milimani. Nikamwambia presha yenyewe kaileta yeye. Akanipakulia wali, tukala.

5 Aprili

Mvua.

6 Aprili

Leo mazoezi. Kariuki ni Mkenya, mtu wa Limuru, ananunua jinzi Xintang na kuzipeleka Nairobi, kwa hiyo gari la kukodi analo. Tunatia baiskeli ndani, tunakwenda naye mpaka Xintang, akimaliza kugombana na laobani wake, mwenye kiwanda, kuhusu zipu tunashuka kando ya mto wa Zengcheng, pana njia ya baiskeli peke yake, ndefu, inapita katikati ya mashamba ya lichi na vijiji vya matofali ya kijivu. Vijijini mna nyumba za mizimu ya wazee wao, paa zimepinda ncha. Bibi mmoja alikuwa kakaa mlangoni anachambua mboga. Akanitazama, akatazama ndevu zangu, akainua kidole gumba. Kariuki hakuinuliwa.

Kariuki ni mdogo wangu kwa miaka mingi, lakini hana adabu ya kuamkia, Wakenya ndivyo walivyo. Anavaa chupi za baiskeli zenye godoro. Tulipofika kwenye mteremko nikampita. Akanifikia kwenye tambarare akaanza maneno yake.

"Mzee, huko Spain kuna milima kweli kweli. Hiyo Carmona imeketi juu ya mlima. Sasa kwenu Zanzibar ile hill kubwa inaitwa aje? Kichuguu?"

Nikamwambia kilima ni kilima, na mimi sijawahi kushuka.

"Hujawahi kushuka kwa sababu hujawahi kupanda," akasema.

Nimekasirika mpaka nyumbani.

9 Aprili

Hospitali. Swalha kanipeleka mwenyewe, kasema bila ya barua ya daktari bima ya safari haipatikani kwa umri wangu. Daktari kasema maneno machache kwa Kichina, Swalha akanifasiria maneno mengi. Nguvu ya moyo iko sawa, presha iko juu, chumvi basi, urojo basi, hasira basi. Nikamuuliza hilo la hasira daktari kalisema kweli au kaongeza yeye. Akasema muulize mwenyewe. Anajua sijui Kichina zaidi ya bei na matusi.

Barua katuandikia lakini.

12 Aprili

Swalha kakubali. Ghafla tu, wakati anamaliza maneno yake ya simu na wateja. Kasema nenda, dawa unywe, kila magharibi unipigie, na palipo na gari ya kupanda upande. Nikasema sawa, isipokuwa hilo la gari.

Mke wangu Bimdogo yuko Unguja, na yeye kwenye simu kacheka. Kasema miaka yote hiyo hujawahi kunichukua kwenye keria mpaka Bububu, leo unakwenda kwa makafiri. Nikamwambia Kurtuba ilikuwa yetu. Akasema na Bububu pia.

Lakini nawaza. Swalha hakubali kitu upesi. Mtu mgumu akilainika upesi ujue ana lake.

15 Aprili

Mvua. Viatu vimeota ukungu.

17 Aprili

Nimeshinda kwa Kariuki tunatazama ramani kwenye simu yake. Baada ya Kurtuba kuna njia ambayo zamani ilikuwa reli ya kubebea mafuta ya zaituni. Reli waling'oa, njia wakaiacha ya baiskeli. Inapita juu ya madaraja ya chuma na ndani ya tundu la mlima, pembeni mizaituni mpaka macho yachoke, na kijiji cheupe kimegandia jabali kama kiota, kinaitwa Zuheros. Wazee wetu walipita pale na farasi.

Kisha Kariuki akaharibu. Anataka Karmona tuizunguke kwa chini, kwenye barabara ya tambarare, kwa ajili ya afya yangu. Nikamuuliza kaambiwa na nani. Akazima simu. Nikajua ni Swalha. Nikamwambia Karmona naipanda hata kama nitaipanda peke yangu, na yeye apite huko chini na godoro lake.

20 Aprili

Leo nimeifunga baiskeli. Nimeiunda kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, chuma kitupu, rangi ya kijani, tandiko la ngozi ambalo limeshalijua umbo langu. Wakala wa Kariuki anasafirisha mizigo ya ndege mpaka Sevilla, boksi langu na lake yatangulie, tuyakute huko. Tunayapeleka kwenye ghala hilohilo ambalo Swalha anawekea mzigo wa Zanzibar, wakala atayachukua pale.

Wakala kaleta karatasi ya kubandika yenye maandishi ya Sevilla. Kasema ibandikwe hiyo tu, kisiandikwe kitu kingine. Kariuki kabandika yake akakaa chini. Mimi nikabandika, kisha nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika alama yangu, PM ndani ya mwezi mwandamo, pande zote za boksi, na juu, na chini. Karatasi katika unyevu huu itakaa? Hata rangi ya ukutani inabanduka. Alama yangu haijawahi kupoteza boksi toka nianze kupakia makontena ya Zanzibar. Watu wamepoteza majokofu mazima, mimi sijapoteza hata kikombe.

Dullah, kijana wetu wa ghalani, akataka kusema neno. Nikamkumbusha nilichomfundisha siku ya kwanza alipotoka Dar hajui hata kufunga tepu: "Boksi halina mdomo. Usiulize mtu, fuata alama." Akasema ndiyo babu.

24 Aprili

Mvua kubwa, sikutoka. Swalha kapakia kontena la Zanzibar leo na kasimamia mwenyewe, jambo ambalo siku zote anamwachia Dullah. Karudi amerowa, kalala bila ya kula. Nikamuuliza kulikoni. Kasema mapazia ya watu, yakilowa nitayavaa mimi.

26 Aprili

Mguu wa kulia unauma kidogo. Si kitu.

28 Aprili

Asubuhi wakala kampigia Kariuki. Kapokea boksi moja, la Kariuki. La pili liko wapi? Kariuki kanipigia mimi, mimi nikampigia Dullah. Dullah akakohoa kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Kisha akasema, babu, ghalani halipo. Nikamwambia tafuta. Akasema nimeshatafuta. Liko wapi? Akasema naona limeingia kwenye kontena la Zanzibar, na kontena limeshapigwa lakiri, liko Huangpu bandarini.

Baiskeli yangu. Kwenye kontena la mapazia na vigae, inakwenda Unguja nilikotoka.

Nikakumbuka yote. Hapana yake ya kwanza. Ndiyo yake ya ghafla. Kariuki anaambiwa maneno pembeni. Na siku ile, mvua inanyesha, anasimama mwenyewe mlangoni mwa kontena. Nikavaa viatu vyangu vyenye ukungu nikaenda Tianxiu.

Nilimkuta chini, mbele ya lifti. Wanaoijua Tianxiu wanapajua pale. Asubuhi ile lifti zimejaa, watu wanasubiri na maboksi yao, tepu zinalia kila upande, Wakongo wanapiga kelele zao, mama wa Kitanzania wamekaa juu ya marobota. Swalha alikuwa na wateja wawili kutoka Dar. Kaniona, kaniamkia. Sikuitika.

Nikamuuliza mbele yao: baiskeli umeitia kwenye kontena kwa makusudi au kwa bahati mbaya? Akasema baba, baiskeli gani, twende juu tukaongee. Nikasema tutaongea hapa hapa. Nikasema mengi. Nimesema ananifanya mtoto. Nimesema ofisi kanipora, sasa anataka na miguu yangu. Akawa ananishika mkono, taratibu, anasema baba presha, baba watu. Lile neno presha likanimaliza.

Nikasema, kwa sauti ambayo lifti zote zimesikia: "Swalha, mimi nawe basi. Radhi yangu nimeitoa. Huna radhi yangu."

Tepu zikanyamaza. Mama mmoja wa Kizanzibari akashika kichwa akasema astaghfirullah. Uso wa Swalha ukawa kama wa mtu anayesubiri kusikia sentensi iendelee. Kisha akawageukia wale wateja, akawaomba samahani, akaingia nao kwenye lifti, milango ikafunga.

Nimehamia kwa Kariuki.

29 Aprili

Nimekwenda Huangpu peke yangu. Kariuki kanikataza, nimekwenda. Metro, basi, kisha kwa miguu kwenye barabara ya malori, matope mpaka magotini. Getini mlinzi mdogo, ana mwavuli wa kampuni. Nikamwonyesha namba ya kontena kwenye simu. Nikamwonyesha kwa mikono baiskeli: magurudumu, usukani, mimi juu yake. Akasema meiyo, neno lao la hakuna. Nikamfanyia tena. Akacheka, akaniletea kiti cha plastiki na maji moto, akasema tena meiyo.

Nikakaa pale kwenye mvua. Makontena yamepangwa kama mji, hakuna hata moja lenye dirisha. Lakiri ya forodha haivunjwi kwa ajili ya mtu, najua, nimepakia toka makontena yanapigwa rangi kwa brashi. Nilijua kabla sijatoka. Nimekwenda kwa sababu ya kwenda.

Meli imeondoka adhuhuri.

30 Aprili

Kariuki anasema baiskeli za kukodi Sevilla ziko tele, nzuri, za gia. Nimemwambia sikalii tandiko la makalio ya watu.

Mvua.

2 Mei

Dullah kaja kwa Kariuki. Kasimama mlangoni, kaniamkia, kakataa kukaa. Nikamwambia kama umetumwa na yule bibi yako rudi. Akasema hakutumwa, na Bi Swalha akijua kaja atamfukuza, kwa sababu kamkataza kunionyesha.

Akatoa simu. Mabaharia wana bendera zao, sisi watu wa mizigo tuna picha: kila boksi kabla ya kuingia kontena hupigwa picha, sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe ili mtu asije akasema langu halikuingia. Akanionyesha boksi la baiskeli. Karatasi ya Sevilla haipo. Pale ilipokuwa pana alama ya gundi tu, imerowa, imebanduka, sijui ilidondoka ghalani au iliingia kwenye soli ya kiatu cha mtu. Na chini yake, na juu yake, na ubavuni, PM ndani ya mwezi, alama ya mzigo wetu wa Zanzibar, mkono wangu, wino mzito, unasomeka na mtu aliyesahau miwani.

Nikamuuliza kwa nini hukuuliza. Nilijua jibu kabla hajalitoa.

"Babu, ulisema nisiulize mtu. Nifuate alama."

Na Swalha alikuwa wapi? Alikuwa upande wa pili anafunika mapazia kwa turubai. Boksi hakuliona. Kaliona siku ileile niliyomfanyia vile, jioni, kwenye picha, akamwambia Dullah zima hiyo, asionyeshwe baba, ana safari.

Nikamfukuza Dullah. Kisha nikamwita nikampa embe, nikamfukuza tena.

3 Mei

Kariuki, kwa kuwa hana siri, leo kanitamkia nyingine. Kumbe baiskeli ya kukodi nimeshatafutiwa, na si yeye aliyeitafuta. Swalha ndiye kaandikiana na duka la Sevilla, kawatumia urefu wa mguu wangu na kadhalika, kawaomba ya gia nyepesi kabisa na tandiko la ngozi. Lini? Jioni ya tarehe ishirini na nane.

Hili limenikasirisha kuliko yote. Mtu ukimtukana na yeye akutukane, mkawa sawa, kila mmoja alale na lake. Huyu kanitafutia tandiko.

4 Mei

Nimekwenda ofisini mapema kabla hajafika. Nimetengeneza kiti chake kilichokuwa kinalia, nimetia grisi na magurudumu. Hakuna fundi Xiaobei angekitengeneza vile.

Dullah anasema kakaa, kakizungusha, kasema kimepona, kaendelea na kazi.

5 Mei

Nimempelekea samaki, mzima, nimemkaanga mwenyewe bila ya chumvi. Kamla. Karudisha sahani imeoshwa.

6 Mei

Bimdogo kapiga. Sijamwambia mtu, kumbe Miembeni yote wanajua, yule mama aliyeshika kichwa ana dada yake kule. Hakunigombeza, na Bimdogo asipogomba ndipo mtu uogope.

"Pandu, unakwenda milimani na presha yako," akasema. "Ukifa huko, mwanangu atabaki na nini?"

Nikamwambia siku ile nilikuwa na hasira, Mungu anajua, neno la hasira halihesabiki. Akasema Mungu anajua lakini Swalha hajui. Akasema radhi si koti la mvua, ulitoe na kulitundika nyumba za watu. Akakata yeye. Toka nimuoe hajawahi kunikatia simu.

7 Mei

Nimerudi nyumbani. Kanifungulia, kaniamkia, nimeitika. Kanipakulia. Nikamwambia, nikitazama sahani, kuwa yale maneno ya siku ile yamekwisha, asiyatie moyoni, mambo ya nyumbani yaishie nyumbani.

Akaweka kijiko chini. Sauti yake haikupanda hata kidogo, afadhali ingepanda.

"Hukuitoa nyumbani, baba. Umeitoa mbele ya lifti. Wale wateja wa Dar mzigo wamempa mtu mwingine, wamesema hawaweki mali kwa mtu aliyekosa radhi ya baba yake. Hilo si kitu. Lakini kila nikisubiri lifti naisikia. Uliitoa pale, irudishe pale."

Nikamuuliza anataka nikajidhalilishe mbele ya Wakongo? Kasema sikulazimishi. Kasema nenda Hispania salama, dawa zimo mfuko wa mbele.

Nimelala na hasira. Ukuta umetoka maji usiku kucha, nimeusikia.

8 Mei

Mvua. Sikutoka. Toka lini baba akaenda kumwambia mtoto. Watoto ndio wanaokuja kwa wazee wao, wanapiga magoti, wanaomba radhi, mzee anakohoa kidogo, anatoa. Hivyo ndivyo nilivyokuta na ndivyo nitakavyoacha.

Nimepanga nguo. Nimezipangua. Nimezipanga.

9 Mei

Ijumaa. Nimesali, sikukaa kuongea na watu nje ya msikiti kama ada yangu. Nimekwenda Tianxiu moja kwa moja na kanzu yangu ya sala, nimevaa na kofia ya bulibuli.

Ijumaa baada ya sala pale mbele ya lifti hapana pa kutia mguu. Maboksi, marobota, mikokoteni, mama wa Kitanzania juu ya marobota yao palepale utadhani hawajaondoka toka siku ile. Kariuki yupo, kumbe kaja kutazama. Nikamtuma Dullah akamwite Swalha. Nikasimama nasubiri lifti inashuka, namba zinawaka moja moja, na moyo unakwenda kama napanda kitu.

Mlango ukafunguka. Swalha mbele, nyuma yake watu wamebanana. Akaniona, akabaki mlangoni, akaishika lifti kwa mkono wake. Ikaanza kulia ile kengele yake ya kulalamika.

Nikasema, "Swalha binti Pandu. Boksi nilikosea mimi. Alama ni mkono wangu. Radhi yangu unayo."

Yeye akanitazama. Machoni mwake mna maji, lakini mdomoni pana kitu kingine, kitu cha mama yake.

"Sijasikia vizuri, baba," akasema. "Siku ile ulisema kwa sauti zaidi."

Mama mmoja akacheka, kisha wote. Kariuki kacheka mpaka kashika ukuta. Damu ikanipanda kichwani, nikasema moyoni sasa naondoka, naondoka na siendi popote wala sirudi. Miguu haikuondoka. Nikajaza kifua, nikapiga ukelele, na nimepiga adhana ujanani, sauti ninayo.

"Radhi yangu yote unayo, duniani na akhera, na asiyesikia apande lifti akawaulize wa juu!"

Wakapiga makofi, na Wakongo. Swalha akaiachia lifti, watu wa ndani wakaanza kugomba kwa lugha zote. Akaja, akaubusu mkono wangu, na mimi nikamshika kichwa kama alipokuwa mdogo. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kuanzia kontena lijalo alama iwe yake. Akasema nitafikiria. Hata hapo hakunipa ushindi.

Hakuna baba Xiaobei nzima aliyewahi kutoa radhi kwa sauti kama ile. Muulize yeyote.

11 Mei

Uwanja wa ndege. Swalha kahesabu vidonge mbele ya watu. Kariuki kavaa chupi ya godoro toka nyumbani.

14 Mei

Karmona.

Jua, wala unyevu hakuna, kanzu niliyoifua jana usiku ilikauka kabla ya alfajiri. Toka Ishbilia ni mashamba ya ngano yaliyoiva, njano mpaka mwisho, na maua mekundu pembeni ya njia. Baiskeli ya kukodi ni nyepesi sana, sijaizoea, lakini tandiko ni la ngozi kweli.

Mji unauona mapema, umekaa juu, mweupe, na lango la mawe la zamani. Unadhani umeshafika. Kariuki akauliza tuzunguke kwa chini au tupande. Nikamwambia swali gani hilo. Akatangulia. Nikafuata na gia nyepesi kabisa, ile aliyoiomba Swalha, na nusu ya kilima nikaipanda vizuri, naandika ukweli, vizuri kabisa. Kisha moyo ukaanza kugonga kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Nikashuka. Nikasukuma mpaka langoni.

Kariuki alikuwa kakaa kivulini na maji yake, kashatayarisha maneno, namjua. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia nipige picha hapa hapa, nimeishika baiskeli, nisijifanye naipanda. Akapiga, akanipa maji yake. Nimemtumia Swalha kabla ya magharibi. Chini yake nikaandika mwenyewe, herufi kwa herufi: Nimeshuka hapa. Nimekunywa dawa. Kesho tunaelekea Kurtuba, iko mbali kidogo, tutalala njiani.